NANI KALA KIPANDE CHA SITA?

Safari hii sikuleta hadithi. Nimekuja kugomba, na wa kwanza kugombwa ni mimi mwenyewe.

Mwaka 2023 nilipanda basi hapa Korogwe nikaenda Sindeni, wilaya ya Handeni, kumrekodi bibi yangu mzaa baba. Nilikuwa nimemaliza fomu foo, kazi ya maana sina, nina madaftari mawili makubwa ya riwaya ambayo mpaka leo haijaisha. Nilitaka hadithi moja aliyokuwa akitusimulia tukiwa wadogo, ya msichana aliyefuatwa na mto. Bibi akaisimulia kwa Kizigua, nusu akiongea nusu akiimba, na kila mto ulipopinda naye anachora mchangani kwa kidole. Dakika 26. Simu ikaniandikia GB 3.3.

Nikarudi mjini. Kabla sijanawa miguu kundi la ukoo limeshachachamaa: "Tuma basi!" Shangazi yuko Chanika, baba mdogo Dar, binamu mmoja Muscat, jumla watu 41, kila mmoja na mdomo wake. Nikaikata video vipande tisa, nikaanza kuvirusha kimoja kimoja kama mtu anayewamwagia kuku mahindi. Cha sita kikagoma. Bando likakata. Nikasema nitamalizia kesho. Nikanunua bando jingine la mkopo, nikaanzia cha saba, cha sita nikakisahau! Wiki hiyohiyo kulikuwa na harusi, simu ikalalamika imejaa, nami nikafuta lile faili kubwa na vipande vyake vyote. Si nimeshatuma?

Bibi alifariki 2024.

Leo ukoo wetu una vipande vinane vya ukungu. Vidole vya bibi vimeyeyuka, huoni tena alichora nini, unaona tu kitu cheusi kinatembea juu ya kitu chekundu. Na kipande cha sita, kile ambacho msichana anageuka nyuma na kuuambia mto neno, hakipo popote duniani. Neno gani? Shangazi anasema hivi, baba mdogo anasema vile. Siku ya arobaini nusura watoane roho mbele ya wageni.

Nikiwasimulia washikaji, wote wananipa pole kwa lugha moja: "Mtandao wetu huu, bwana!" Hapana. Nasema hapana! Mtandao haukunituma nifute. Nani asiyejua kuwa video ukiituma WhatsApp kama video inabanwa ili ipite upesi? Ndivyo ilivyotengenezwa, na kwa salamu za sikukuu inatosha kabisa. Lakini tangu 2022 unaweza kutuma faili mpaka GB 2 kama dokumenti, nalo linafika vilevile lilivyotoka, halibanwi hata unywele. Maana yake hadithi ya bibi ingekwenda kwa mapande mawili tu, safi, na kidole chake kikaonekana. Kitufe kilikuwa mkononi mwangu mwaka mzima. Sikukijua kwa kuwa sikutaka kukijua. Ungeniuliza Simba na Yanga wamemsajili nani, ningekutajia mpaka wa benchi.

Baba mdogo ana kanda ya VHS ya harusi yake ya 1995. Enzi hizo, anasema, televisheni huku Bara ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, mwaka mmoja tu nyuma, na mtu akitaka nakala ya kanda anaunganisha deki mbili kwa waya. Nakala ya kwanza nzuri. Ukidurufu nakala ya nakala, rangi zinavuja. Ya nne ni chenga tupu, bibi harusi humjui na shemeji humjui. Kisha tukaambiwa zama za kompyuta zimefika na ugonjwa huo umekwisha, kwani faili likinakiliwa mara elfu linabaki lilelile. Na ni kweli! Sasa sisi, vijana wa simu za kupangusa, tumefanya nini? Tumeurudisha ugonjwa kwa hiari yetu. Mmoja anatuma kwa kubana, wa pili anapakua, anapachika kwenye stetasi, wa tatu anairekodi kutoka kwenye stetasi, wa nne anairudisha kwenye kundi akiandika "jamani hii mmeiona?" Chenga za 1995, ndani ya simu ya laki nne.

Kuna jambo linaloniuma zaidi, nalo liko hapahapa Handeni. Karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani mpaka Somalia. Waliotoroka walijikusanya kando ya Mto Juba. Vita vilipolipuka kule 1991, wajukuu wa wajukuu wao wakakimbia, baadhi wakafika kwetu, wakawekwa kambi ya Mkuyu, na 2003 wakahamishiwa Chogo. Wengine wakachukuliwa na Marekani. Je, walikuja wakiongea nini? Kizigua! Zaidi ya miaka mia moja, bila kanda, bila memori, bila shule ya lugha hiyo, wamekibeba mdomoni tu mpaka wakakirudisha nyumbani. Mimi nimeshindwa kuibeba dakika tatu kutoka Sindeni mpaka Korogwe.

Hapa ndipo wataalamu wa kijiweni watanikatiza: "Wewe nawe, si uweke kwenye intaneti, utume linki tu?" Ni ushauri mzuri kwa mwenye waifai ya ofisini. Google wanatoa GB 15 za bure, sikatai, na linki ina adabu, kwa sababu anapakua anayetaka. Lakini hesabu haina undugu. Kuipandisha ni GB 3.3 za bando langu. Wakiishusha watu 40, ni GB 132 zimetoka mifukoni mwa ukoo mmoja wa wakulima na wauza machungwa. Mnakumbuka Aprili 2021, bei za bando zilipopandishwa, nchi nzima ikapiga kelele mpaka zikasitishwa? Zile kelele hazikuwa za watu wanaopenda starehe. Shangazi yangu anapofungua simu asubuhi akakuta video kumi za "Jumatatu njema" zimeshajipakua zenyewe, anaanza wiki akiwa na deni. Halafu tunamcheka eti mzee hajui simu.

Mimi nasema njia bora kati ya Handeni na Korogwe ni basi. Cheka ukichoka! Lami ni kilomita 65. Memori kadi ya GB 64, ile ndogo kama ukucha, inameza hadithi ya bibi mara kumi na kitu, unaifunga kwenye karatasi, karatasi kwenye bahasha, bahasha kwa konda unayemjua, na kabla ugali haujaiva shangazi amepokea, haijabanwa, haijakatwa. Mkikutana ana kwa ana ndiyo rahisi zaidi. Kuna Xender, kuna hiyo Quick Share ya Android iliyokuwa ikiitwa Nearby Share, simu mbili zinaongea zenyewe bila hata senti ya bando, na GB 3.3 zinavuka kwa dakika chache. Bluetooth msithubutu, mtakesha. Na aliye Muscat? Huyo mtumie dokumenti, kwa mapande, usiku wenye bando la bei nafuu, umsubiri aseme "nimefungua, nimeona mpaka mwisho". Asiposema hivyo usifute kitu.

Wapo kati yetu watakaouliza haya yanawahusu nini waandishi. Yanawahusu. Shaaban Robert, mtu wa Tanga huyuhuyu, alimwandikia nduguye Yusuf Ulenge barua tangu 1931 mpaka 1958. Nduguye hakuzifungia vitumbua. Mwaka 2002 zikatoka kitabu kizima, na leo tunamsoma Shaaban akiwaza, akikopa, akiugua. Sisi tunaojiita waandishi chipukizi tuna barua ngapi? Yetu yote yamo kwenye sauti na video za simu, tunasema tutayatumia siku tukiandika riwaya kubwa. Tutayatumia yapi? Mimi sura ya saba ya riwaya yangu imesimama palepale msichana anapogeuka. Nimejaribu kumtungia neno la kuuambia mto, mara nne, na mara nne nimechana karatasi. Najua ni langu, silo la bibi.

Jumamosi naenda tena Sindeni. Dada yake bibi bado yupo, ana meno manne na kumbukumbu kuliko mimi, na ameniambia kwa simu kwamba hadithi anaijua, ila dada yake alikuwa akiikosea. Nimenunua kadi mbili. Jana binamu wa Manundu, yule anayejua kila kitu, akaniandikia: "Ukirekodi nirushie fasta WhatsApp, usisahau." Nimemjibu gari linaondoka stendi saa moja asubuhi, nauli ajilipie.