Mkopo wa Kuku Uende kwa Kuku

Mwenyezi Mungu ameijalia nchi yetu kina mama hodari. Ndio walioweka hisa zao kwenye VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, haba na haba, wakati wengine wakiwacheka. Kwa hiyo ninachosema leo nakisema kwa mapenzi: tumezidi kula mitaji.

Mama anakopa afuge kuku wa kienyeji. Fedha haijalala, imeshakwenda kwenye mchango wa harusi na sare ya shughuli ya jirani. Salio linanunua vifaranga, na chanjo ya mdondo inaambiwa isubiri mwezi ujao. Mdondo haungoji mtu! Tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, basi; ukilikosa, asubuhi unawakuta wamepinda shingo, mharo wa kijani umetapakaa bandani, na marejesho yako palepale. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Hapo ndipo mtu hukimbilia wakopeshaji wa kausha damu ili azibe deni la kwanza, na haupiti muda masufuria na godoro vinabebwa majirani wakitazama. Enyi mnaokopesha namna hiyo, hamumwogopi Mungu? Kuku wa kienyeji hufikia kama miezi sita ndipo atage. Mnadai marejesho ya kila wiki kutoka banda lisilo na hata yai moja!

Na sisi wakopaji, kwa nini tuwafuate hao? Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Undeni kikundi, mkisajili, mwoneni ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na daftari liwepo, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Nanyi kina baba, siwezi kuwanyamazia. Siku ya marejesho mkopo ni wa mama. Akija mgeni, tetea anayetaga anakuwa wako, unamkamata na kumchinja bila hata kuuliza. Huo ni ukarimu gani, wa kula ada ya shule ya mwanao? Jumamosi hii ondoka barazani, tafuta misumari na wavu, umalizie banda la mkeo kabla ya masika.