Hesabu Ndiyo Inayokanyaga Mafuta

Nina neno linalonikereketa moyoni na naomba mnivumilie nilitoe.

Muhula uliopita palizuka ubishi mkali katika kidato chetu cha tatu. Kijana mmoja alidai kwamba gari la shangazi yake linajiendesha lenyewe. "Unabonyeza kitufe pale kwa usukani, unatoa mguu, gari inaenda tu!" alisema huku akiapa. Nusu ya darasa ilimwita mwongo, nusu nyingine ikamwamini. Ilibidi tumwendee mwalimu wetu wa Fizikia, naye akatwambia kwamba kila upande umepata kidogo na umekosa kidogo. Gari lile lina kruzi kontroli. Halijiendeshi. Linashika mwendo, basi.

Hebu niwaeleze kinavyofanya kazi kidude hicho, maana bila hilo hoja yangu haitasimama. Dereva akifikia mwendo anaoutaka, tuseme kilomita 80 kwa saa, anabonyeza kitufe. Kompyuta ya gari inaiweka 80 ile kichwani. Kuanzia hapo inajiuliza swali moja tu, tena na tena, mara nyingi katika sekunde moja: tunaenda ngapi, na tulitakiwa kwenda ngapi? Jibu la kwanza linatoka kwa kitambuzi kinachohesabu mizunguko ya magurudumu. Ikiwa mwendo umepungua, mathalani gari limeshavuka mito pale Blue Post na sasa linapanda kuelekea Kabati, kompyuta inaufungua zaidi mlango wa hewa wa injini, injini inapata nguvu na mwendo unarudi. Mwendo ukizidi, inaufunga kidogo. Katika magari ya zamani kazi hiyo ilifanywa na waya uliovutwa kwa nguvu ya hewa inayofyonzwa na injini. Siku hizi ni mota ndogo ya umeme.

Tena si mashine ya kubahatisha. Upungufu ukiwa mkubwa inaongeza nguvu nyingi, ukiwa mdogo inaongeza kidogo, na ikiona upungufu mdogo umekawia bila kuisha inazidi kuongeza pole pole mpaka uishe. Mwalimu alisema bila hila hiyo ya mwisho gari lingepanda mlima mzima likiwa nyuma kidogo ya 80. Dereva akigusa breki au klachi, mambo yote yanakatika na gari linarudi mikononi mwake.

Wazo lenyewe si geni. Wale ambao kwao mashambani bado kuna mashine ya dizeli ya kusaga unga wanajua: ukimwaga debe la mahindi injini inalalama kwanza, kisha inajitutumua na kuendelea kama kawaida. Hakuna mtu aliyekanyaga mafuta. James Watt, yule Mskochi tunayemsoma kwa ajili ya nguvu za umeme, aliweka kifaa cha aina hiyo kwenye injini ya mvuke mwaka wa 1788. Vilikuwa vichuma viwili mviringo vinavyozunguka. Injini ikikimbia sana vinatawanyika, na kutawanyika kwao kunabana mvuke.

Aliyeleta jambo hili kwenye gari ni Mmarekani aitwaye Ralph Teetor, na hapa ndipo wengi darasani walikataa kuamini: Teetor alikuwa kipofu tangu akiwa na miaka mitano. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akipanda gari la wakili wake alichoshwa na jinsi lilivyokuwa likienda mbio na kupunguza, mbio na kupunguza, kufuatana na maongezi ya dereva. Mtu asiyeona barabara huuhisi mwendo tumboni! Alipata hataza ya kifaa chake mwaka wa 1950, na mwaka wa 1958 kikaanza kuuzwa katika magari ya Chrysler. Mimi naona inafaa kwamba aliyekibuni hakuona, kwa sababu kifaa chenyewe pia hakioni. Kinajua namba tu. Yapo magari mapya yenye rada, yanayopunguza mwendo yakikaribia gari la mbele, lakini kruzi kontroli ya kawaida ukiiambia 80, ni 80, kuwe na mvua, kuwe na ng'ombe barabarani.

Sasa nije kwetu. Sisi wa Gitothua na Ruiru hatuna haja kubwa ya kruzi kontroli, maana msongamano wa Thika Road saa za asubuhi unashika mwendo wetu barabara bila kitufe. Tulicho nacho ni ndugu yake, kidhibiti mwendo, ambacho wananchi wanakiita gavana (si yule wa kaunti). Kilikuja na zile zinazoitwa Sheria za Michuki. Marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Uchukuzi, alitangaza mwaka wa 2003 kwamba kila matatu iwe na kidhibiti kisichoruhusu mwendo wa zaidi ya kilomita 80 kwa saa, iwe na mikanda na mstari wa manjano. Sheria ilianza kushika tarehe 1 Februari 2004. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini mama ananiambia watu walitembea kwa miguu siku hizo kwa sababu matatu nyingi hazikuwa zimetimiza masharti.

Gavana ni nusu ya kruzi kontroli. Kruzi kontroli inasema, "usipungue, usizidi." Gavana anasema, "usizidi" tu. Naye anapima mwendo, anaulinganisha na 80, na ukifika hapo anainyima injini mafuta, ukanyage upendavyo. Vya kisasa hurekodi mwendo na mahali gari lilipo. Kwa hivyo mtu angetarajia kwamba tangu 2004 hakuna matatu iliyowahi kupita 80. Ndugu msomaji, wewe unayepanda matatu kila siku, nambie ukweli.

Mjomba wangu ni dereva wa matatu ya abiria 14 kati ya Thika na Nairobi. Simtaji jina kwa kuwa namheshimu, na pia kwa kuwa chakula ninachokula kinatoka kwake, maana mimi nakaa kwao Juja. Siku moja ya Jumamosi nilikuwa nimeketi mbele kando yake nikaona swichi ndogo nyeusi chini ya dashibodi, haina maandishi.

"Mjomba, hii ni ya nini?"

"Hiyo ni ya kumlaza gavana," akacheka.

Sikucheka. Ile wiki tulikuwa tumefundishwa kwamba nguvu ya kitu kinachokwenda hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo wake. Nilichukua kalamu. Kutoka 80 hadi 110 mwendo umeongezeka kwa zaidi kidogo ya theluthi moja, lakini 110 mara 110 ni 12,100 na 80 mara 80 ni 6,400. Ni karibu mara mbili! Yaani breki zinapewa kazi karibu mara mbili kulisimamisha gari lile lile lenye abiria wale wale. Kisha nikapiga hesabu ya faida. Thika mpaka Ruiru ni kama kilomita 20. Kwa 80 utatumia dakika 15. Kwa 110 utatumia karibu dakika 11. Dakika nne, wenzangu! Na hizo ukizifikisha mjini Ruiru unazitoa zote kwa kungoja abiria mmoja aliyesema anakuja na kumbe alikuwa anasindikiza mtu.

Nilimwonyesha mjomba karatasi. Aliitazama akasema, "Kijana, hiyo hesabu ni nzuri, lakini kuna hesabu ingine."

Hiyo hesabu ingine ndiyo sababu ya makala haya. Dereva wengi wa matatu hawalipwi mshahara. Mwenye gari anataka kiasi fulani jioni, na kiasi hicho ndicho wanachokiita hesabu. Tuseme ni shilingi 5,000. Dereva akinunua mafuta, akilipa za steji, akampa tajiri 5,000 zake, kinachobaki ndicho chake na makanga. Kisipobaki, amefanya kazi bure tangu saa kumi za alfajiri.

Sasa rudini kwa kruzi kontroli. Si ndiyo ile ile? Mwenye gari asubuhi ameweka namba, akatoa mguu, akaenda zake. Dereva siku nzima anajiuliza swali moja: tumefika ngapi na tulitakiwa tuwe ngapi? Msongamano wa Githurai ukila saa moja, upungufu unaonekana. Anakanyaga. Mvua ikinyesha na abiria wakiadimika, anakanyaga. Na upungufu mdogo uliokawia mpaka saa kumi na mbili jioni unamfanya aongeze, aongeze. Kwa hivyo ndani ya matatu moja kuna vishika-mwendo viwili, kimoja kimewekwa 80 na serikali, kingine kimewekwa 5,000 na tajiri, na swichi nyeusi ndiyo inayoamua nani anamtii nani.

Katika mjadala wetu wa chama, wengi walisema dawa ni polisi wengi zaidi, faini kubwa zaidi, madereva wapokonywe leseni. Mimi nasema hapana, au tuseme si hivyo tu. Sheria za Michuki zilitaka pia jambo ambalo watu wamelisahau: dereva na makanga waajiriwe kazi ya kudumu. Tulichukua mikanda, tukachukua rangi ya manjano, tukachukua gavana, hilo tukaliacha njiani. Labda ni kwa sababu haliwezi kukaguliwa kwa tochi barabarani. Maoni yangu ni kwamba mmiliki asiyeweza kuonyesha karatasi ya mshahara wa dereva wake asipewe leseni ya kubeba abiria, kama vile asivyopewa akikosa gavana.

Nilipomweleza mjomba hivi nilidhani atafurahi. Hakufurahi. Alisema siku nzuri, kama mwisho wa mwezi, yeye hurudi na pesa ambazo mshahara hauwezi kufika. Tena akasema dereva wa mshahara atalala steji na tajiri atafilisika. Sina jibu kamili, na sipendi kujifanya ninalo. Lakini nilimkumbusha kwamba siku nzuri ni chache, na kwamba dereva wa basi la shule analipwa kwa mwezi na bado basi linafika.

Sasa nikiri langu, maana mwenye kunyooshea wengine kidole naye ajitazame. Siku moja muhula wa pili nilichelewa kuamka. Tulikuwa tumetoka Juja na saa ilikuwa inakimbia. Nilisema, "Mjomba, tafadhali, lango linafungwa saa moja kamili." Niliyaona macho yangu mwenyewe yakiitazama ile swichi. Naye akaibonyeza.

Karibu na Ruiru mtoto wa shule ya msingi aliingia barabarani mbio akiwa na mkoba mgongoni. Angepita juu ya daraja la miguu, kweli, na mama mmoja ndani ya gari alilisema hilo kwa sauti. Mjomba alifunga breki. Matairi yalilia, makanga alijigonga paji la uso mlangoni, gari likasimama. Mtoto alikuwa amefika upande wa pili. Kiatu chake kimoja kilikuwa kimebaki mbele ya gurudumu letu la kushoto. Makanga alishuka akampelekea. Hakuna aliyezungumza tena mpaka Ruiru, na mimi niliingia langoni saa moja kasoro dakika tatu.

Kwa hivyo, walimu wetu wapendwa, nasema kwa heshima zote, hata lango letu ni namba iliyowekwa na mtu. Sisi wa kutwa tunaotoka Juja, Kimbo na Githurai hatuna bweni. Tukijua kuwa dakika moja ni adhabu ya asubuhi nzima, sisi ndio tunaopiga kelele ndani ya matatu, "Dere, songa!" Naomba dakika 15 za msamaha kwa wanaotumia matatu, na wanaotembea waadhibiwe kama kawaida, mimi sina ugomvi nao. Najua watu wengine watazitumia vibaya hizo dakika. Wachunguzwe.

Jumatatu iliyofuata mjomba alikwenda 80 tangu Juja mpaka Ruiru. Hakuniambia kitu, wala mimi sikumuuliza. Nilifika nikakuta lango limefungwa, nikakata nyasi nyuma ya maabara hadi saa nne.