ULEZI WA YATIMA SI SHAURI LA KUNONG'ONA MATANGANI



Yako mambo ambayo sisi makarani twayajua sana kwa ajili ya watu wengine, wala hatuyatendi nyumbani mwetu. Mtu akija dirishani na hati isiyo na muhuri twamrudisha. Barua isiyo na kumbukumbu namba hatuipokei, na fedha hata shilingi mia haitoki sandukuni pasipo stakabadhi. Lakini mwenzetu akifa akaacha watoto wadogo, watoto hao twawagawa kwa neno la mdomo, usiku wa arobaini, juu ya mkeka. Hapana hati wala muhuri. Hapana karatasi yo yote ila muhtasari wa kikao cha ukoo, nao mara nyingi umeandikwa na mmoja wetu kwa mwandiko mzuri.

Hatutamtaja marehemu wala ofisi yake, maana wanachama wengi wamjua na watoto wake wahai. Aliacha watatu, na mama yao alikuwa amemtangulia. Kikao kilimchagua baba yao mdogo kuwa msimamizi wa mirathi, tukapiga makofi. Kisha watoto wakagawanywa kama vyombo. Binti mkubwa alipelekwa kwa shangazi, akaacha shule kidato cha pili, akawa mpishi na mlezi wa watoto wa mwenye nyumba. Wa kati alikwenda kwa baba mkubwa. Kitinda mimba alichukuliwa na bibi mzaa mama, kwa kuwa hapana aliyemtaka mtoto mwenye kikohozi. Mwaka wa pili bibi yule akaja ofisini kuuliza habari za mafao ya mtoto, apate kumlipia shule na dawa. Karani akamwuliza, "Wewe ni nani kwa mtoto huyu, na amri ya mahakama iko wapi?" Bibi hakuwa na la kujibu. Alikuwa amemlea miaka miwili na mkononi hana karatasi. Na karani aliyemwuliza, ndugu zetu, alikuwa ameketi nasi juu ya mkeka ule ule.

Karani hakukosa kuuliza. Kosa ni letu sisi tulioondoka kwenye mkeka tukidhani kazi imekwisha.

Twachanganya kazi mbili ambazo sheria imezitenga. Msimamizi wa mirathi amekabidhiwa mali ili akusanye, alipe madeni, kisha agawe. Akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, kanuni za mwaka 1971 zamtaka alete mbele ya mahakama orodha ya mali na madeni katika Fomu Na. 5 kabla ya kwisha miezi 4, isipokuwa ameongezewa muda, na baadaye hesabu katika Fomu Na. 6. Hayo ndiyo mamlaka yake. Hakupewa mtoto. Hakupewa kuamua mtoto alale wapi, asome wapi, atibiwe na nani. Tena yafaa tujiulize, ni wangapi miongoni mwa wasimamizi tuliowapigia makofi waliopata kuileta hiyo Fomu Na. 5?

Ulezi una mlango wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mzazi, mlezi, au ndugu anayemtunza mtoto aweza kuiomba mahakama imkabidhi mtoto huyo. Angalieni neno hilo, ndugu anayemtunza. Bibi yule alikuwa na haki ya kuomba tangu siku ya kwanza, wala hakuhitaji ruhusa ya baba mdogo. Mahakama ya watoto huketi chini ya hakimu mkazi, faraghani, si mbele ya kila mpita njia, na afisa wa ustawi wa jamii huwapo. Mwombaji huleta maombi yake na hati ya kiapo, pamoja na cheti cha kifo cha mzazi na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Afisa aweza kuagizwa aende nyumbani akaone mtoto analala wapi na anakula nini. Hakimu naye yampasa kupima umri wa mtoto, kutazama kama ndugu wa tumbo moja waweza kukaa pamoja, na kumsikiliza mtoto mwenyewe kwa maneno yake. Katika kikao chetu, nani alimwuliza binti yule kama ataka kwenda kwa shangazi? Alikuwa jikoni akituchemshia chai.

Wako wenzetu watakaosema, mambo ya ukoo hayapelekwi mahakamani, na mila zetu zatosha. Twaziheshimu mila kuliko wanaozitumia kama shuka ya kufunikia. Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963, iliyoandika mila za makabila yafuatayo ukoo wa baba, ina jedwali la ulezi peke yake, na la urithi peke yake, na la wosia peke yake. Basi hata mila, ilipoandikwa, haikusema kwamba mwenye kushika mali ndiye mwenye kushika mtoto. (Katika hilo la urithi wajane na mabinti wamepunjwa, hata Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoangalia haki za wanawake ikatamka mwaka 2015 kwamba haki za wajane wawili wa Tanzania zimevunjwa. Hilo tutalisema siku nyingine, wala hatutalisema kwa upole.)

Wengine husema mahakama ni ghali na lugha yake ngumu. Habari ya lugha haina nguvu tena. Mahakama ya Mwanzo daima imesema Kiswahili, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zote, ingawa Kiingereza bado charuhusiwa pale haki inapokitaka. Ama gharama, twakubali kwamba nauli na siku za kungoja ni mzigo kwa bibi kizee. Lakini tulichanga fedha za ng'ombe wawili na turubai kwa siku tatu za matanga, tena tukabakiwa na mchele. Nani atatuambia kwamba nauli ya kwenda mahakamani ilitushinda?

Neno gumu zaidi ni kwa wanachama wetu walio makarani wa mahakama. Ninyi mwajua jinsi jalada linavyopotea siku inapotakiwa lisionekane, na jinsi mjane anavyoambiwa "njoo kesho" mpaka nauli imwishie. Hatuna ushahidi juu ya mtu, wala hatumshitaki mtu. Twasema tu kwamba jalada la yatima huenda siku moja likawa la mtoto wako, nawe umo kaburini huwezi kulitafuta kabatini.

Wala si watoto tu. Mwenzetu akiwa na mama aliyepotewa na akili kwa uzee au ugonjwa, kuweka kidole chake gumba juu ya karatasi za benki usiku si ulezi, ni wizi, hata kama fedha yanunua dawa yake. Iko Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na mahakama yaweza kuombwa iweke mtu wa kusimamia mali yake kwa hesabu.

Basi twaleta mambo haya mbele ya mkutano ujao, na twaomba yapigiwe kura, yasiishie katika kupiga makofi. Kila mwanachama alete nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake, ziwekwe katika jalada la chama, na asiye navyo aende RITA kabla ya mkutano. Kila mmoja aandike wosia mbele ya mashahidi, na humo ataje nani angependa awalee watoto wake, ili hakimu apate kujua nia ya mzazi. Mwanachama akifa, halmashauri imteue mtu mmoja, asiye wa ukoo wa marehemu, amfuate anayewatunza watoto mpaka mahakamani, na nauli itoke katika mfuko wa rambirambi kabla ya ng'ombe kununuliwa.

Na bibi tuliyemtaja bado hajaomba. Mtoto yu darasa la tatu. Twataka wanachama wawili wenye nafasi Jumatatu asubuhi. Majina yapelekwe kwa Mwandishi wa chama.