Nani kasema kumbikumbi ni chakula cha njaa?

Mvua ya kwanza ikishanyesha Tunduma, usiku wake hauhitaji tangazo. Kwenye taa za vituo vya mafuta, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, kumbikumbi hushuka kama pumba zinazopepetwa. Watoto hutoka mbio na ndoo, mama zao na mabeseni ya maji. Na kila msimu hakosekani dereva mmoja, mgeni wa foleni ile, wa kushusha kioo na kusema: "Huku bado mnakula wadudu? Kweli njaa mbaya."

Kauli hiyo ingekuwa ya madereva tu nisingeijibu. Mtu aliyelala siku tatu kitini ana haki ya kuwa na gubu. Lakini naisikia kwa walimu, naisikia kwa wauguzi, naisikia kwa watu tuliokua nao huku Mbozi na Momba, ambao bibi zao ndio waliowafundisha kufunika kichuguu kwa majani ya mgomba na kuacha tundu moja tu la kutokea, chungu kikingojea hapo. Bado wanakula, tena sana. Ila mgeni akipiga hodi, sahani inaingia kabatini.

Chakula cha njaa ni kile mtu anachokila kwa kuwa ghala ni tupu, na ghala likijaa anakiacha. Sasa nionesheni nyumba ya Mbozi iliyoacha kumbikumbi kwa sababu imevuna mahindi mengi au imeuza kahawa vizuri. Ni kweli kwamba hutoka wakati magunia yameanza kulegea, na hapo ndipo watu wengi walipochanganya majira na sababu. Maembe nayo huiva Desemba. Hakuna anayeyaita chakula cha njaa.

Tena njaa haisafirishwi kwa basi. Kule Bukoba, senene waliokaangwa wakakauka vizuri hufungwa na kupelekwa Dar es Salaam kwa ndugu na wakwe, na asiyeletewa hununa. Ng'ambo yetu hapa, Zambia, viwavi wanaoitwa ifinkubala kwa Kibemba huvunwa kwenye miombo ya kaskazini, wakakaushwa na kusafirishwa mamia ya kilomita mpaka sokoni Lusaka. Kumbikumbi wenyewe huko huitwa inswa, na sijasikia mtu akiwaonea haya. Mpaka tu umetutenganisha. Wao wanauza, sisi tunaficha.

Aibu yetu pia haina mantiki. Mtu yuleyule anayekunja uso kwa kumbikumbi atakaa hotelini ufukweni na kulipa pesa nyingi kwa sahani ya kamba, mnyama mwenye gamba, miguu mingi na sharubu, ndugu wa karibu wa panzi ila yeye anaishi majini. Atakula dagaa na macho yake na utumbo wake. Jumapili atasikia kwamba Yohana Mbatizaji aliishi kwa nzige na asali ya mwitu, aitikie amina, arudi nyumbani akamkemee mtoto aliyeshika panzi. Na jirani yake Mwislamu anajua kwamba nzige ni halali, hata kuchinjwa hahitaji.

Nimelileta jambo hili sasa kwa sababu wadudu wamepanda cheo pasipo sisi kuulizwa. Wapangaji wa safari za anga hawana mzaha na chakula. NASA ilishapiga hesabu kwamba watu 4 wakienda Mars na kurudi, safari ya miaka 3 hivi, wakila milo 3 kwa siku, watahitaji kubeba karibu tani 11 za chakula. Kwa Tunduma tani 11 ni kitu gani? Haifiki hata nusu ya shehena ya semitrela moja. Kwa roketi ni balaa, maana kila kilo inanyanyuliwa kwa moto. Zaidi ya hapo, chakula kilichokaa miaka kwenye pakiti hupoteza vitamini zake. Ndiyo maana wanahangaika kulima hukohuko. Agosti 2015 wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga walikula saladi nyekundu waliyoiotesha wenyewe, na dunia ikashangilia.

Lakini hakuna anayefika Mars kwa kachumbari. Protini itoke wapi? Ng'ombe hapandi roketi, kuku anakula nafaka ambayo ungekula wewe. Mwaka 2014, katika Chuo Kikuu cha Beihang, Beijing, watu watatu walijifungia siku 105 ndani ya jengo lililozibwa, Yuegong-1, wakalima ngano na mboga, wakafuga mabuu ya mdudu wa unga kwa masalia ya mimea ile, kisha wakayala. Hawakuwa na njaa wala ufukara. Walikuwa wakitafuta mnyama anayekula kile binadamu asichokila, asiyehitaji nafasi, asiyekunywa maji mengi. Damu ya mdudu haihitaji kupashwa moto na chakula chake, kwa hiyo anacholishwa kinageuka mwili. Ripoti ya FAO ya 2013 iliweka hesabu hivi: kilo 1 ya nyenje huhitaji kama kilo 2 za malisho, kilo 1 ya ng'ombe kama kilo 8. Umoja wa Ulaya nao ulianza kuruhusu mabuu hayo yaliyokaushwa kuuzwa kama chakula mwaka 2021. Bibi yangu hakungoja kibali.

Sasa chukulia kwamba mwanafunzi wa kidato cha tatu, wa Vwawa au Tunduma, anataka kupeleka jambo hili kwenye maonesho ya Young Scientists Tanzania, ambayo yamewapa vijana wa sekondari mahali pa kuonesha utafiti wao. Atachekwa mara mbili: kwanza kwa wadudu, pili kwa anga. Watamwita Nkoloso. Edward Makuka Nkoloso ni yule Mzambia aliyetangaza mwaka 1964 kwamba atapeleka watu mwezini na Mars, akawafanyisha vijana mazoezi kwa kuwabingirisha mlimani ndani ya pipa la mafuta. Alichekwa dunia nzima. Mimi nami nimecheka. Lakini mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilirushwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, na kicheko kile sasa kina mvi.

Na tuwe wakweli, mkoa huu wa Songwe, unaowacheka watoto kwa habari ya anga, ndio mkoa wenye kimondo cha Mbozi. Chuma na nikeli, tani zinazokadiriwa kufika 16, kimetua Marengi bila kumlipa mtu nauli. Tunawapakia wanafunzi kwenye basi wakapige nacho picha, kisha tunawarudisha darasani kuwaambia mambo ya huko juu si yetu.

Kinachonikera zaidi kiko chini kabisa, jikoni. Songwe inalima mahindi na mpunga wa kuuza, lakini utafiti wa kitaifa wa lishe wa 2018 ulikuta zaidi ya watoto 40 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano mkoani wamedumaa. Utafiti wa 2022 ulikuta udumavu umepungua, lakini bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu. Matumbo yao hayakuwa matupu. Yalijaa uji mweupe. Kilichokosekana ni protini, mafuta, madini ya chuma, zinki, vitu ambavyo kumbikumbi anavyo, yuleyule ambaye mama anapepeta mbawa zake kwenye ungo huku akitazama mlangoni asije mtu. Sidai kwamba wadudu peke yao wangemaliza udumavu. Kuna maji machafu, kuna maradhi, kuna mama aliyeshinda shambani mtoto hajanyonya. Nadai kwamba tumekitoa chakula kizuri kwenye sahani ya mtoto kwa sababu ya maneno ya watu.

Mwanafunzi wetu naye simpi maksi za bure. Akileta kumbikumbi kama mfugo wa anga, amekosea. Kumbikumbi hafugiki kwenye boksi. Ni mwana wa kichuguu, anatoka siku chache kwa mwaka, na kichuguu chenyewe huchukua miaka kujengeka. Wa kufuga ni nyenje au mabuu. Ila kichuguu akisome, maana mle ndani mchwa wanalima. Wanabeba majani makavu na vipande vya miti, wanaotesha kuvu juu yake, wanakula kuvu hiyo, hewa inazunguka, joto halipandi ovyo. Ule uyoga mkubwa tunaouchuma juu yake wakati wa mvua ni zao la shamba hilohilo. Kile walichokijenga Beijing kwa mabomba na taa, hapa kimesimama kando ya barabara ya Mbeya, na watoto wanakikalia wakichunga mbuzi.

Basi siku akisimama mbele ya meza yake, waamuzi wasimuulize kwa nini anawatia watu kichefuchefu. Wamuulize maji ya nyenje wake aliyapima vipi. Wangapi walikufa wiki ya pili, na kwa nini. Bua la mchicha lilitosha kuwalisha au aliiba pumba za mama? Kinyesi chao alikirudisha kwenye mboga, na mboga zikaitikaje? Mwenye mzio wa kamba alimwonya? Kisha afunue bakuli lake, na wao waoshe mikono.