Krenki ya 200 ndani ya nduthi ya 125: acheni kutudanganya

Wasee wa Migori na Homa Bay, najua hii itaniletea matusi lakini acha tu niseme. Kila wiki kuna kijana anajirekodi akifungua injini ya CG125, anatia krenki ya 200, halafu anavuta mafuta mpaka simu inatetemeka. Mnamwagia moto na makofi. Hakuna anayeuliza hiyo nduthi iko wapi baada ya mwezi.

Mimi najua moja iliko. Binamu yangu alifanyiwa hiyo kazi kwa gereji fulani, sitaitaja. Aliambiwa tu, "Tumekuwekea krenki ya nguvu, omera." Wiki ya tatu, akitoka Homa Bay kwenda Rongo, karibu na Rodi Kopany, injini ikakwama ghafla na gurudumu la nyuma likafunga. Nyuma alikuwa amebeba mama wa omena. Mama aliinuka na michubuko, Mungu mkubwa. Binamu alivunjika mfupa wa bega. Na mkopo wa nduthi haujui bega, kila siku unataka chake.

Sasa tupige hesabu. Hii CG ya Honda ilitoka miaka ya 1970, na Wachina wameiiga mpaka leo. Kwa ile ya 125, silinda ina upana wa 56.5 mm na pistoni inatembea 49.5 mm kutoka chini hadi juu. Ile ya 200 ni 63.5 kwa 62.2. Tofauti ya mwendo ni 12.7 mm. Gawanya kwa mbili, maana krenki inaongeza juu na chini sawasawa. Ukiacha vitu vingine vilivyo, pistoni inapanda 6.35 mm kupita pale ilipokuwa inasimama. Huko juu kuna nini? Kuna hedi na vali, basi.

Hapo ndipo fundi mjanja anainua bloku kwa kupachika bati nene chini yake. Sawa, lakini CG haina kamshafti juu kwa hedi. Kam iko chini, na kuna vijiti viwili virefu vinavyosukuma vali. Ukiinua bloku, vijiti vinakuwa vifupi, kwa hivyo anaviunga kwa kuchomelea. (Nimeviona kwa macho yangu. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.) Krenki nayo ikikataa kuingia, anasugua nyumba ya injini kwa grainda kutoka ndani mpaka inabaki kama ganda la yai. Halafu mtu anapakia abiria wawili na gunia juu ya hiyo kitu.

Na msinielewe vibaya, si kwamba nachukia kubadilisha krenki. Kuna wale wa mjini watasema nunua injini mpya, kama vile pesa inaota Awendo kama miwa. CG125 na CG150 za Kichina zote pistoni inatembea 49.5, upana wa silinda ndio unatofautiana. Fundi anayetoa krenki nzima kwa 150 iliyokufa bloku, akaipima na kuitia kwa 125, huyo namvulia kofia. Lakini apime! Honda XL125S ya zamani pia ni 56.5 kwa 49.5, namba zilezile kabisa, na bado krenki yake si ya CG, kwa sababu XL inazungusha kamshafti ya juu kwa cheni na CG inatumia gia.

Pale Awendo kuna mzee anayetengeneza Yamaha DT175. Ile DT125 na hiyo 175 zote mwendo ni 50 mm, lakini pistoni moja ni ya 56 na nyingine ya 66. Kijana mmoja akamletea krenki ya 125, akidhani amemaliza kazi. Mzee akaigeuza mkononi, akasema, "Nyathina, hii imepewa mizani ya pistoni ndogo. Itatetemeka mpaka ikule beringi." Akairudisha. Krenki za hizi pikipiki si chuma kimoja, ni vipande viwili vilivyobanwa na pini katikati. Kwa hivyo alichukua ile ya zamani, akaisukuma ikaachana, akaweka pini, beringi na konrodi mpya, akaibana tena, na akakaa nayo nusu siku akiinyoosha na saa ya kupimia. Nusu siku, na hakuna aliyemrekodi.

Mnaosema nina wivu kwa sababu sina wafuasi kama nyinyi, sawa, nina wivu. Lakini mbona video zenu hazina kalipa hata moja? Na mbona mwenye nduthi haandikiwi kwa risiti krenki imetoka kwa injini gani?

Krenki ya binamu iko kwangu, konrodi imepinda kama jembe lililogonga mawe. Jumamosi nitakuwa nayo steji ya Rongo kuanzia saa nne asubuhi. Wewe uliyesema inawezekana, njoo na kalipa yako tupime pamoja, na kamera nitaileta mimi.