Hakuna Biashara Inayolipa

Kila wiki swali ni lilelile. Linanifuata kwenye daladala, msibani, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Nina milioni moja na nusu, nifanye biashara gani inayolipa?" Anayeuliza hunikazia macho kana kwamba jibu ninalo mfukoni na ninamnyima. Nimechoka kulijibu kwa upole. Hakuna biashara inayolipa. Kuna mtu anayejua kitu, na kitu hicho kikikutana na mwenye shida nacho, hapo ndipo hela inapopatikana. Mwenye kuuliza swali hili ameshajitoa mwenyewe kwenye hesabu, amebakiza pesa peke yake, na pesa peke yake haijui kushona wala kukaanga.

Imani iliyo ndani ya swali hili ni kwamba biashara ni kama basi: ukishapata nauli unapanda, unakaa, linakufikisha. Wakenya walipanda basi la kware mwaka 2013 na 2014. Yai la ndege yule mdogo liliuzwa kama dawa, likasifiwa kutibu kila ugonjwa unaotisha watu wazima, na kwa kuwa kufuga kware kulihitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, watu wakaanza kuhangaikia vibali. Waliovuna ni waliotangulia, kwa sababu wateja wao wakubwa walikuwa wafugaji wapya wenye kutafuta ndege wa kuanzia. Wafugaji wapya walipokwisha, bei ikaporomoka, na kware wakabaki mabandani wakila hela za wenyewe. Kwetu Tanzania ikaja zamu ya sungura, kisha ya matikiti yanayolimwa kwa simu, mwenye shamba akiwa Dar es Salaam na kibarua akiwa porini. Mchanganuo wa matikiti nimeuona mara nyingi mno: ekari moja, mashina kadhaa, kila shina matunda mawili, kila tunda shilingi elfu mbili, zidisha. Kwenye karatasi hiyo hakuna inzi wa matunda, hakuna mvua iliyochelewa, na hakuna dalali anayesubiri lori lako lifike sokoni siku moja na malori ya wenzako waliosoma karatasi hiyohiyo.

Lililonifanya niache upole ni lile la kaka yangu. Ni fundi cherehani, yuko Mbagala, na simsifu kwa kuwa tumenyonya titi moja: ana jicho. Mteja akisimama mlangoni, kabla futi haijatoka shingoni, kaka ameshaona kwamba bega la kushoto limeshuka, na shati atakalolikata litalificha bega hilo mpaka mke wa huyo mteja ashangae. Watu walivuka maji kutoka Kigamboni kumfuata. Mwaka 2019 wakaja mashemeji na marafiki wakamwambia ushonaji haulipi tena, mitumba imewamaliza mafundi, fungua uwakala wa pesa za simu, huko ndiko hela inakopita. Akaweka meza mbele ya cherehani. Akachukua advansi walizompa wateja wa nguo, akazifanya floti, salio la kufanyia miamala.

Huwezi kukata kitambaa huku unahesabu noti. Kila baada ya dakika chache kuna anayetaka kutoa elfu tano, na kamisheni ya elfu tano ni ya kununulia maandazi. Asubuhi floti ipo, taslimu hakuna. Jioni taslimu imejaa, floti imekwisha, na mteja anaondoka akinung'unika. Mkasi ukaanza kumkataa. Gauni la mama wa bibi harusi lilitoka Ijumaa usiku, mikono hailingani, na harusi ni Jumamosi. Habari kama hiyo haihitaji tangazo. Ilimaliza mtaa wote kabla keki haijakatwa. Kisha Julai 2021 serikali ikaanza kukata tozo kwenye miamala ya simu, watu wakarudia kubeba pesa mkononi, na hata tozo ilipopunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba, meza ya kaka haikurudi ilivyokuwa. Siilaumu tozo. Ingemkuta kwenye mashati isingemwangusha. Naulaumu ule ushauri, na nawalaumu waliompa, mimi nikiwamo, kwa kuwa nilikuwepo na nikanyamaza.

Uwakala wenyewe ni kazi ya heshima, ila ina wenyewe. Pale kituoni kuna binti anayefungua saa kumi na moja alfajiri, anajumlisha kichwani, anajua jirani gani ana taslimu za kubadilishana naye floti ikikauka, na hajawahi kutapeliwa kwa ujumbe wa uongo kwa sababu husoma salio kabla ya kutazama uso wa mtu. Anapata riziki yake vizuri. Mpe mkasi na kitambaa uone.

Tuna msemo tunaoutamka kuliko tunavyouelewa: mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Tumeufanya uwe msemo wa misuli, wa kubeba zege na kusukuma mkokoteni. Mimi naamini nguvu hizo ni pamoja na jicho, ulimi, kumbukumbu, na kile mkono ulichokirudia mara elfu kumi. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akapita kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akahangaika na vibarua Dar es Salaam, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora ndege na wanyama kwenye mbao nyepesi za kujengea kwa rangi ya baiskeli. Picha zikauzwa Oysterbay, jirani na duka la Morogoro Stores. Angemuuliza nani mtaani kama kuchora kunalipa? Alifariki mwaka 1972, miaka michache tu tangu aanze, na hadi leo zipo familia zinazoendesha maisha kwa mtindo unaobeba jina lake.

Tatizo ni kwamba nguvu ya mtu mara nyingi haionekani kwa anayetazama rafu. Chukua duka la Mangi, lile la kila mtaa. Linauza kila kitu, kuanzia kiberiti hadi unga, kwa hiyo kijana mwenye mtaji hudhani siri iko kwenye bidhaa. Anafungua lake ng'ambo ya barabara, rafu zilezile, bei zilezile, rangi mpya ukutani. Mwaka hauishi limefungwa. Alichokosa kukiona ni daftari lililo chini ya kaunta, na zaidi ya daftari, kichwa cha mwenye daftari. Mangi anajua nani mshahara wake hutoka tarehe 25 na nani hungojea mume arudi safari. Anajua nani akikopa kilo mbili za sukari atalipa, na nani akinyimwa kwa maneno mabaya atahamisha ukoo mzima. Amejifunza mtaa huo kwa miaka, mlango kwa mlango, katika misiba na ugomvi wa wapangaji. Ujuzi huo hauuzwi kwa jumla Kariakoo. Yule kijana alinunua kila alichokiona dukani kwa mwenzake, na kilichokuwa kikilipa hakikuwa na bei.

Najua nitakavyojibiwa: usiweke mayai yote kwenye kapu moja. Msemo huo ni wa mwenye mayai. Mwenye yai moja hana cha kugawa, na akihangaika na makapu matatu atalivunja njiani. Nitatajiwa pia matajiri wenye kiwanda hiki na kile. Said Salim Bakhresa alianza na mgahawa mdogo, akaingia kwenye unga, na matawi mengi tunayoyaona leo yalichipua unga ukiwa umeshashika mizizi. Tunatazama mti ukiwa na matunda, tunataka kupanda matawi.

Wengine husema hawajui chochote. Siwaamini. Waulize majirani huwa wanakuita kwa lipi.

Halmashauri zetu zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha nzuri, nami naitetea kila ninapopata nafasi. Lakini angalia michanganuo inayoandikwa ili kuipata: kuku, kuku, sabuni, batiki, kuku. Miaka michache nyuma kikundi cha kina mama watano kiliniomba niwaandikie mchanganuo. Walitaka kufuga kuku wa nyama kwa sababu kikundi cha mtaa wa pili kiliomba kuku kikapewa. Nikauliza nani kati yao amewahi kufuga. Hakuna. Na katikati yao alikaa mama ambaye mikono yake ilikuwa bado inanukia iliki, ametoka kupika pilau ya hitima ya watu mia tatu, kwa kuni, masufuria matatu, bila punje kuungua. Nikamwambia, "Mama, wewe ndiye biashara yenyewe. Ombeni masufuria, turubai na viti, wenzako wagawane kununua, kuhudumia na kutunza hesabu." Wakacheka kwa adabu. Kupika, wakasema, si kila mtu anapika?

Nikakataa kuandika kuku. Wakampata mwingine, mkopo ukatoka, vifaranga mia tatu wakaja, na ugonjwa ukawamaliza karibu wote kabla hawajatimiza mwezi. Yule mama bado anaitwa kwenye kila msiba na kila harusi. Misibani anapika bure kama desturi inavyotaka, harusini anapewa kanga na asante, kisha anarudi nyumbani kutafuta rejesho la kuku waliokufa.