Picha za Kale Zitazamwe

Hapa Mabatini wako wasemao kutazama sinema za kale ni upuzi: “Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.” Nawapinga. Ndwele isiyotazamwa haigangiki.

Tangu 1935 hata 1937 Waingereza, makao yao yakiwa Vugiri, Usambara, walitengeneza picha 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo na afya, wakazizungusha kwa lori. Walioonekana ni watu wetu. Waliosimamia ni wageni. Leo zimesalia chache tu, nazo zatunzwa Uingereza. Mjukuu asiyeziona atajuaje babu yake alisingiziwa nini?

Basi vyama vya sinema viziombe, vizionyeshe, kisha wazee waulizwe: Je, ndivyo mlivyokuwa? Atazamaye bila kuuliza, heri angalilala.